Kiti Kimoja Kisichouzwa

Jua ndiyo kwanza linachungulia, na Dada Dirisha tayari anagombana na mgeni ambaye hayupo.

"Unataka kupanda boti tarehe thelathini Februari?" anauliza, vidole vikicheza juu ya kompyuta. "Haya, bonyeza tuone. Bonyeza, usiogope."

Anabonyeza mwenyewe. Kioo kinamjibu kwa maandishi mekundu kwamba tarehe hiyo haipo. Dada Dirisha anacheka kwa kuridhika, anapiga funda moja la chai, kisha anajigeuza mgeni mwingine, mkorofi zaidi: huyu anataka kuwalipia watu sita lakini ameandika majina manne. Naye anakataliwa.

Ndivyo anavyoianza kila siku ya kazi. Kabla wageni wa kweli hawajaamka, yeye huwa mgeni mjinga, mgeni mwenye haraka, na mgeni mjanja anayetaka kupenya bila kulipa. Akifanikiwa kuuharibu mfumo wake, anakaa na kuutengeneza.

"Afadhali niuvunje mimi asubuhi," anasema, "kuliko auvunje mtu saa nne, watu wamejaa gatini na nahodha ananitolea macho."

Mfumo wenyewe anauita Dirisha. Ni tovuti ambayo mtu popote alipo anaweza kuweka nafasi ya safari ya boti kwenda kwenye maporomoko, ya matembezi ya kupanda kilima, au ya jioni za muziki katika ghala la zamani lililo juu ya gati. Anachagua siku, analipa kwa simu, anapata ujumbe. Nyuma ya yote hayo hakuna kampuni wala jengo la vioo. Kuna mwanamke mmoja wa miaka hamsini na moja aliyefunga kitambaa kichwani, na kompyuta iliyowekwa juu ya meza ya kupigia pasi.

Meza hiyo haikuja hapa kwa bahati. Zamani hiki kilikuwa chumba cha kuanikia makoti ya mvua. Kamba bado zimevuka kutoka ukuta hadi ukuta, na mtu mrefu akiingia bila kuangalia humkata kwenye paji la uso. Mwandishi wa makala haya zilimkata mara mbili.

"Pole," Dada Dirisha anasema, bila huruma nyingi. "Hizo siziondoi. Nimekulia chini yake."

Aliyezifunga kamba hizo ni mama yake. Pale gatini hakuna anayemwita kwa jina lake. Kwa wakubwa na wadogo yeye ni Mama Makoti. Safari ya maporomoko ni safari ya kulowa. Boti inapanda mto, inakata kona, na manyunyu yanaanza hata kabla mtu hajaona kitu. Kwa hiyo kila abiria huvishwa koti zito lenye kofia. Makoti yanaondoka makavu, yanarudi yakichuruzika.

Kazi ya Mama Makoti ilikuwa kuyapokea, kuyasuuza tope, kuyakamua kwa mikono na kuyaanika, huku akiwavisha abiria wa safari inayofuata yale yaliyokwisha kukauka. Aliianza kabla hajaolewa. Akazaa, akaachwa mjane, akalea, na kazi ni ile ile.

Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuyaona maporomoko yenyewe.

Si kwamba alikatazwa. Ni saa zilizomkatalia. Boti ikiondoka, yeye ndiyo kwanza ana rundo la makoti mabichi mbele yake. Ikirudi, kuna rundo jingine. Walikuwa wakimwita, "Mama Makoti, panda leo twende!" Naye anajibu, "Nitakwenda kesho. Leo nimelowa vya kutosha." Watu wanacheka, boti inaondoka.

"Hiyo kesho," anasema binti yake, "ilikuwa ndefu jamani."

Zamani, kabla ya tovuti na ujumbe wa simu, palikuwa na ofisi ya safari pale barabarani, hatua chache kutoka gatini. Ilikuwa na dirisha moja la mbao la kufungulia kwa juu, simu ya mezani yenye waya uliosokotana, na ubao mkubwa ukutani uliojaa misumari. Kila safari ilikuwa na mstari wake wa misumari. Mtu akiweka nafasi, kibao kidogo cha rangi kinatundikwa: cha kijani kwa mto, cha njano kwa kilima, chekundu kwa muziki. Ukitupa jicho tu, unajua nani anakwenda wapi.

Boti ilikuwa na viti kumi na viwili vya abiria, na ubao ulikuwa na misumari kumi na miwili. Lakini msumari wa mwisho haukutundikwa kitu. Ofisi iliuza viti kumi na kimoja tu, na cha kumi na mbili kiliachwa kwa mtu yeyote atakayefika gatini bila tiketi, wakati boti inafunguliwa kamba. Hakulipa. Alikaa, akaenda, akarudi.

Mwenye ofisi alikuwa bwana mmoja aliyeitwa Bosi Kalamu, kwa sababu kalamu ilikaa sikioni mwake kama iliyoota huko. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Alikuwa mkono wa birika, mtu wa kunyoosha vibanio vilivyopinda ili vitumike tena. Makarani walipomuuliza kwa nini mtu mgumu kama yeye anaacha kiti kizima kiende bure, alikasirika.

"Kwani mto nimeuchimba mimi?" alikuwa akisema. "Nimeukuta. Kaa kazini."

Dada Dirisha alikuwa na miaka tisa siku alipokikalia kiti hicho. Alikuwa amekaa juu ya beseni lililofunikwa, akimsubiri mama yake amalize kazi, Bosi Kalamu akapita.

"Huyu wa nani?"

"Wa kwangu, bosi. Shule zimefungwa."

"Amewahi kuyaona maji?"

"Ayaonee wapi, bosi?"

"Mpandishe. Na wewe je?"

Mama Makoti alionyesha mikono yake, iliyokuwa ndani ya maji mpaka viwikoni. "Kiti si kimoja? Aende mtoto. Mimi kesho."

Mtoto alivishwa koti lililomfika visigino. Dada Dirisha anapoisimulia safari hiyo anaacha kompyuta, anageuza kiti, na mikono yote miwili inaingia kazini. Anasema kwanza ulikuja mngurumo, akadhani ni lori. Kisha upepo wa baridi. Kisha boti ikakata kona, na mbele yake ukasimama ukuta mweupe unaotembea.

"Nililia," anasema. "Si kwa woga. Nililia kwa sababu maisha yangu yote nilikuwa naishi karibu na kitu kile na sikujua. Watu wanapanda ndege kukifuata, mimi nakaa juu ya beseni!"

Aliporudi, alimsimulia mama yake mpaka usingizi ukamchukua. Mama alisikiliza yote, na asubuhi akamwomba arudie.

Miaka kumi baadaye alikuwa ndani ya dirisha lile lile, karani mpya mwenye sauti nzuri ya simu, na hapo ndipo jina lilipomshika. Ukimuuliza habari za miaka hiyo, jiandae kukaa. Atakwambia harufu ya karatasi za kaboni. Atakwambia mzee mmoja aliyepiga simu kila mwaka kujiwekea nafasi yeye na mkewe, na mwaka mmoja akapiga kuweka nafasi ya mtu mmoja.

"Mtu akisema 'halo' tu, nilishajua kama atafika mapema au atakuja mbio kiatu mkononi," anasema. "Siku hizi napata barua pepe na namba ya simu. Sijui hata kama mtu ana mafua. Ee, nimeumiss ule ujinga wetu. Tulikuwa tunapigiana kelele kutwa nzima."

Kisha mambo yakageuka. Tovuti kubwa za mbali zilianza kuuza safari za mto, na katika kila mia zilichukua thelathini. Wageni wakaacha kupiga simu. Ofisi ikapunguza makarani, ikapunguza taa, mwisho ikapigiliwa mbao. Bosi Kalamu alirudi nyumbani akiwa na kalamu yake sikioni, na hakuishi sana baada ya hapo. Kibarua cha Dada Dirisha kikaota nyasi, na cha mama yake pia.

Alipata kazi katika duka la intaneti, akiwachapia watu maombi ya kazi. Kipato kilitosha kodi ya chumba, na kuna miezi hakikutosha. Siku moja mteja alimwomba amsaidie kuweka nafasi ya safari ya boti. Alipofungua ukurasa, akaukuta mto wao unauzwa, na picha iliyowekwa ilikuwa ya mto mwingine kabisa.

"Nilipandwa na hasira, we acha tu. Nikasema, kama mtu ambaye hajawahi kukanyaga hapa anaweza kuuza boti ya Nahodha Taratibu, mimi niliyetundika vibao miaka yote nashindwaje?"

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alijiandikisha masomo ya jioni ya kutengeneza tovuti, darasani akiwa na vijana ambao angeweza kuwazaa wote. Walimwita Mama, na mwalimu naye, baada ya wiki chache za kujikaza, akamwita Mama. Ukurasa wake wa kwanza anausimulia huku akiziba uso: ulikuwa na rangi zote za duka la pipi, na ukibonyeza "weka nafasi" unarudishwa mwanzo. Lakini hakukata tamaa, na mwaka wa pili alikuwa na kitu cha kuwaonyesha watu wa boti.

Kikundi cha mabotini kilimkubalia kwa majaribio, msimu mmoja. Katika kila mia yeye anachukua tano. Mwezi mzuri hubakiwa na kiasi kinachokaribia mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi. Mwezi wa mvua kubwa, mto unapofungwa, hubaki na pesa ya umeme na mtandao, basi. Chumba cha makoti alipewa kwa kodi ndogo kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka, na kazi ya makoti akarudishiwa mama yake, safari hii akisaidiwa na mashine ya kufulia. Kukamua bado anakamua kwa mkono. Haiamini mashine.

Wakati huo huo macho ya Mama Makoti yalikuwa yameanza kumtupa mkono. Daktari alisema ni presha ya macho, ugonjwa ambao dawa huupunguza mwendo lakini kilichokwenda hakirudi. La kushoto likazima. La kulia likabaki linaona katikati tu.

"Naona kwa tundu la ufunguo," anaeleza mwenyewe, akimsogelea mwandishi. "Nikikutazama pua, masikio yako siyaoni. Si hasara kubwa."

Binti hakucheka. Alimwambia mama yake kesho imefika. Siku ya kwanza ya Dirisha, Jumamosi ya kufungua msimu, atapanda boti na kuyaona maji kabla tundu halijaziba. Mama Makoti, baada ya maneno mengi, alikubali. Alinunua viatu vya raba vya kamba.

Jumamosi ilifika. Tangu alfajiri simu ya Dada Dirisha ilikuwa inalia kama kifaranga: nafasi imelipiwa, nafasi imelipiwa. Boti ya kwanza ikajaa. Gatini watu walipiga makofi, kwa sababu haikujaa hivyo tangu ofisi ifungwe. Abiria walionyesha ujumbe wao, wakavishwa makoti, wakakaa.

Nahodha Taratibu ni mzee mwembamba ambaye jina lake alilipata kwa haki. Hafungui kamba mpaka aangalie mawingu, aangalie injini, awaangalie abiria mmoja mmoja kama watu waliokuja kumposa binti yake, kisha mawingu tena. Siku hiyo alipofika kwenye kuwaangalia abiria, alisita. Akahesabu. Akamtazama Mama Makoti, aliyesimama ukingoni na viatu vyake vipya.

"Dada," akaita. "Mama anakaa wapi?"

Hapo ndipo Dada Dirisha naye alipohesabu. Viti vilikuwa kumi na viwili, na vyote vilikuwa na watu. Hakumwekea mama yake nafasi, kwa sababu kiti kile hakijawahi kuwekewa mtu tangu dunia iumbwe. Kilikuwepo tu. Na mwenye kukifuta alikuwa ni yeye: katika mfumo, palipoulizwa idadi ya viti, aliandika kumi na mbili kwa mkono wake, na Dirisha likaviuza vyote kama lilivyoagizwa.

"Miaka yote niliuacha msumari ule mtupu bila kufikiri," anasema. "Mkono ulikuwa unajua wenyewe. Nilipokuja kuandika programu, niliandika kila kitu nilichokuwa nakijua kichwani. Kile cha mkononi nikakisahau."

Kinyozi hajinyoi. Aliyewawekea nafasi watu wa nchi za mbali alimwacha mama yake nchi kavu. Taratibu hawezi kupakia mtu wa kumi na tatu, wala hajawahi. Abiria walikuwa wamelipa, wengine wamekuja na watoto, na hakuna aliyeelewa kwa nini nahodha hafungui kamba.

Mama Makoti ndiye aliyewaokoa. "Nendeni, nendeni," akasema, akipunga mkono. "Na hayo makoti nimeyafua juzi tu, msiniletee tope." Kisha akageuka, akashika ukingo wa ngazi, akapanda pole pole.

Dada Dirisha aliingia chumbani, akakaa chini ya kamba na kulia. Akapangusa uso. Akafungua mfumo, akafuta kumi na mbili, akaandika kumi na moja.

Wiki iliyofuata kikundi kilimwita mkutanoni. Mweka hazina alikuwa amekasirika, na hoja yake ilikuwa na uzito: msimu mzima, safari tatu kwa siku, kiti kimoja bure kila safari. "Dada, tumekuja kuuza viti au kuvipamba?" aliuliza. "Hizo tovuti za mbali ziliuza vyote."

Taratibu akasimama, jambo ambalo lilichukua muda wake.

"Nyie mnaona hasara ya kiti," alisema. "Mimi nilishika usukani siku ile. Mama wa watu amefua makoti yetu tangu baba zenu hawajaoa, tukamwacha gatini na viatu vyake vipya. Sitaki kuondoka hivyo tena. Mkitaka kiti kiuzwe, mtafute nahodha."

Mikono ikanyooshwa. Kiti kikarudi.

Mtu angedhani yameisha. Siku ile ile Dada Dirisha alikwenda nyumbani anakimbia.

"Mama, Jumamosi hii nimekuwekea."

"Umeniwekea nini?"

"Nafasi. Nimeandika jina lako kabisa."

"Futa."

"Mama!"

"Futa nakwambia. Kiti kile hakina mwenyewe. Siku ukikiandika jina, hata liwe langu, kimekwisha. Mimi nitashuka gatini kama mtu mwingine. Nikikikuta, nitakaa."

"Basi nikukatie tiketi ya kawaida, katika zile kumi na moja."

Mama Makoti alikuna goti, dalili mbaya. "Nikatiwe tiketi? Ya maji yale yale yaliyonipasua vidole ujana wangu wote? Nilishalipa, mwanangu. Nililipa kabla hujazaliwa."

"Mama yangu," Dada Dirisha anamwambia mwandishi, "ana kichwa kigumu kuliko mawe ya huko juu."

Tangu hapo, kila Jumamosi Mama Makoti anashuka ngazi na viatu vyake vya raba. Anawavisha abiria makoti. Linabaki moja. Na kila Jumamosi, kabla kamba haijafunguliwa, anatokea mtu. Mara ni dereva wa basi ambaye amewaleta wageni miaka nenda miaka rudi na hajawahi kupanda boti. Mara ni muuguzi aliyetoka zamu, amepita tu kupunga upepo. Mara ni binti wa muuza machungwa. Mama Makoti anawavisha lile koti la mwisho kwa mikono yake, na nauli anayowadai ni moja: "Ukirudi, pitia kwangu unisimulie."

Wanapita. Anawasikiliza akiwa amefumba macho. Lakini lile tundu la ufunguo linazidi kuwa dogo, na binti yake anajua, kwa sababu sasa mama anaacha chai ipoe kwa kutoiona mezani.

"Nilijenga kitu hiki ili watu waje," Dada Dirisha anasema. "Sasa Jumamosi ikifika naomba asije mtu. Umewahi kusikia mfanyabiashara wa namna hiyo?"

Leo ni Jumamosi.

Saa nne kasoro, abiria kumi na mmoja wanafika gatini na ujumbe wao. Mama Makoti yupo. Anamvisha huyu, anamfunga yule kofia chini ya kidevu, anamkemea kijana mmoja aliyetaka kuacha koti wazi ili apige picha nzuri. Linabaki koti moja begani mwake. Anamgeukia mwandishi.

"Na wewe huna tiketi. Haya, vaa."

"Mimi nilikwenda jana, mama. Nilikata tiketi."

"Uliyaona?"

"Niliyaona. Yale maji, mama..."

"Usinisimulie," anamkata.

Ni mara yake ya kwanza kukataa kusimuliwa. Dada Dirisha, aliyesimama pembeni na simu mkononi, anainua kichwa.

Na hapo linatokea jambo ambalo gati hili halijawahi kuliona. Taratibu ana haraka. Haangalii mawingu. Injini inanguruma tayari, kamba ya mbele iko mkononi, na anawahimiza watu kama kondakta. "Kaeni, kaeni, maji hayatusubiri!" Maji hayo yamesubiri tangu enzi na enzi, lakini hakuna anayembishia.

Mama Makoti anageuza uso kuelekea ngazi. Anatafuta kwa lile jicho moja, juu, chini, juu tena.

"Kuna mtu," anasema. "Juu kule. Naona kitu kinasogea. Anakuja."

Wote wanatazama. Ni kweli, kuna mtu anashuka, na kreti begani.

"Ni wa soda, mama," Dada Dirisha anasema. "Analeta soda za kibandani."

"Usinidanganye."

"Nikudanganye kwa lipi?"

"Kwa hili. Unafikiri sikujui?" Mama Makoti anavuta pumzi, anapaza sauti ambayo haikuzeeka hata kidogo. "We unayeshuka! Una safari?"

Mtu wa soda anasimama katikati ya ngazi. Anaangalia nyuma yake, kama kuna mwingine anayeulizwa. "Mimi? Safari ya wapi, mama? Nimeacha duka wazi!"

Gati zima linaangua kicheko, na abiria wasiojua kinachoendelea nao wanacheka. Mama Makoti hacheki. Anasikiliza ngazi kwa muda, kuhakikisha hakuna hatua nyingine. Kisha anashusha koti kutoka begani na kulitazama, kama mtu aliyepewa nguo isiyo yake. Mkono wa kwanza unapita vizuri. Wa pili unakwama, na binti yake anausaidia. Anamfunga kofia chini ya kidevu, kama yeye alivyofungwa akiwa na miaka tisa.

"Usinishike sana," anasema mama. "Nitakosa kiti."

Taratibu anashuka mwenyewe kumpokea. Dakika moja baadaye boti iko katikati ya mto, na mgongo mdogo ulio kwenye kiti cha mwisho haugeuki nyuma.

Dada Dirisha anarudi chumbani. Hajaribu kuuvunja mfumo. Anaifungua orodha ya safari ya saa nne, majina kumi na moja, na chini yake mstari mtupu, na anaukazia macho mstari huo bila kuugusa.

Anazungumza juu ya mipango kwa sababu asipozungumza atalia. Matembezi ya kilimani tayari yanaacha nafasi moja. Jioni za muziki zitafuata mwezi ujao. Mwenye ghala anabisha, lakini atamlainisha. Anataka watu wa mito mingine na milima mingine walitumie Dirisha, na kila atakayejiunga ataambiwa sharti hilo kabla ya bei. Palipoandikwa idadi ya viti, mfumo utatoa kimoja wenyewe, ili mtu asitegemee mkono wake kukumbuka.

"Na ule ubao wa misumari, nimesikia uko kwenye banda la mtu," anasema. "Nitaununua. Nitautundika pale."

Mlio wa injini unarudi kabla hajamaliza. Anatoka mbio, kamba inamkata paji la uso, hajali.

Mama Makoti anapanda ngazi, amelowa kope mpaka viatu vya raba, maji yakichuruzika kutoka kwenye pindo la koti. Taratibu anamfuata nyuma. Dada Dirisha anamfikia, anamshika mabega, anataka kuuliza. Badala yake anafanya alichokiona kikifanywa maisha yake yote: ananyoosha mikono kulipokea koti, alikamue.

Mama analivuta kwake.

"Lete hapa," anasema. "Makoti ya watu nimekamua tangu ujana wangu. Hili maji yake nimeyafuata mwenyewe."

Na anasimama pale juani, analikunja mara mbili, analisokota kwa nguvu zake zote, uso ukiwa umeinuliwa, na hataki kusaidiwa.